Unga wa Konzi

Siku tulipomzika Shemasi Yoeli huko Chamazi, mdogo wangu wa mwisho, Danieli, aliniinamia sikioni akaninong'oneza neno moja tu: "Hatupo." Danieli sasa ni mtu mzima mwenye mvi na kitambi, na bado anapenda utani mahali pasipofaa. Nilijifunika mdomo kwa pindo la khanga. Waliotuona walidhani nalia, na binti yangu Rebeka, aliyeketi nyuma yangu, akanishika bega kunituliza. Sikuwa nalia. Nilikuwa nacheka, na papo hapo uso ulikuwa unaniwaka kwa haya, vilevile kama ulivyoniwaka nilipokuwa msichana wa miaka kumi na saba nyuma ya mlango uliofungwa, kule Temeke, Mwingereza angali anatawala.

Kanisa letu lina desturi ambayo vijana wengi huifuata bila kujua ilianzia wapi. Shemasi akizikwa, jamaa zake hutangulia kutia udongo kaburini. Wakimaliza, mchungaji huwaita waliokula mezani kwa marehemu, yaani wale aliowalisha kwa niaba ya kanisa walipokuwa na dhiki, nao huja mbele ya watu wote na kutia konzi moja moja, udongo wa kujaa kiganja. Mchungaji, kijana mwenye sauti nzuri, alikuwa ameita tayari. Upande wa pili wa kaburi vikongwe wawili walikuwa wanasaidiana kusimama. Benchi letu halikutikisika. Mdogo wangu Lidia alikuwa anatazama viatu vyake. Stefano, anayenifuata mimi, alikwisha kututangulia mbele ya haki, vinginevyo labda yeye angetuinua. Mimi ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mtu wa kutoa, mtu ambaye vikapu vya wagonjwa hupangwa nyumbani kwake. Wanangu hawakujua kwamba kikapu kiliwahi kuja kwetu. Ndipo Danieli aliponinong'oneza lile neno lake, ambalo aliwahi kulisema kwa sauti kubwa akiwa na miaka minne.

Ya wazazi wetu sitayasimulia hapa. Itoshe kusema kwamba masika ya mwaka ule yalilikuta kaburi la mama likiwa bado bichi, na la baba limekwisha kuota majani. Tulibaki wanne katika nyumba ya vyumba viwili, ya udongo na makuti, yenye mlango wa mbao za makasha ya bandarini ambao maandishi yake yalisomeka kichwa chini. Chumba kimoja kilikuwa na kitanda cha mama, nacho tulikiogopa kwa muda, tukalala wote chini kwenye mikeka mpaka mvua ilipoingia chini ya mlango na kutupandisha kitandani bila kutaka. Chumba cha pili kilikuwa na chungu cha maji, sanduku la nguo, na vyombo vyangu vya vitumbua. Nilikuwa nimeacha shule baada ya darasa la nne. Kila alfajiri nilikaanga vitumbua uani, Stefano akavipeleka njia panda kabla ya kwenda darasani, na Lidia akabaki kumchunga Danieli. Vitumbua vilitupatia mafuta ya taa, sabuni na madaftari ya Stefano. Chakula cha jioni havikutupatia. Hiyo ndiyo hesabu iliyotuweka chini ya mashemasi.

Mashemasi wetu walikuwa watatu. Mchungaji alitoka bara na kutujia mara chache kwa mwaka. Siku nyingine zote mwinjilisti ndiye aliyehubiri, na kila kijana mwenye sauti alitamani kuwa mwinjilisti. Ushemasi haukutamaniwa na mtu. Watu walisema mwinjilisti hupewa kiti, shemasi hupewa ufagio. Shemasi ndiye aliyefagia kanisa, aliyeosha maiti asiye na jamaa, aliyekwenda kukaa na mgonjwa ambaye hakuna aliyeijua lugha yake, na aliyepaswa kujua ni nyumba gani haikuwasha moto tangu juzi. Waliwekewa mikono mbele ya kanisa zima, kama wale saba waliochaguliwa zamani ili wajane wasisahauliwe wakati wa kugawa chakula. Kwa ajili ya hao saba waliohudumu mezani, kikapu cha shemasi kwetu kiliitwa meza. Kilikuwa kikapu cha ukili tu, chenye mikono iliyofungwa upya kwa kamba, lakini watoto walisema, "Meza imepita," au "Meza imeingia kwa bibi fulani," na kila mtu alielewa.

Kilichojaza kikapu kilitoka majikoni. Kila mama wa kanisa, kabla ya kusonga ugali, alichota konzi moja ya unga wake na kuitia kwenye kopo lililotengwa, na mwisho wa juma makopo yote yakamiminwa ndani ya debe moja kanisani. Watu wetu walitoka kila upande wa bara, na kila mmoja alikuja mjini na unga wa kwao: huyu mahindi, huyu muhogo, huyu mtama mwekundu, huyu ulezi. Kwa hiyo unga wa konzi ulikuwa na madoadoa kama kanga, na ugali wake ukitoka jikoni hukuweza kuuficha. Ulikuwa na rangi isiyo na jina, yenye punje za hudhurungi na nyekundu. Mtu akipita uani na kuitupia jicho sahani yako, alijua umelishwa na kanisa.

Shemasi Yoeli ndiye aliyepangiwa mtaa wetu. Alikuwa karani wa bohari, kijana bado, mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, soksi ndefu, na baiskeli iliyong'aa. Jumamosi alipotoka kazini aliiacha baiskeli nyumbani, akajitwika kikapu kichwani na kuja kwa miguu. Mwanamume wa ofisini mwenye mzigo kichwani lilikuwa jambo la kuchekesha, na wacheza bao wa njia panda hawakumwacha apite hivi hivi. "Karani," walimwuliza, "siku hizi umekuwa mpagazi?" Naye aliwajibu bila kusimama kwamba amepandishwa cheo.

Haya yote ningeyavumilia. Nilichoshindwa kuvumilia ni namna alivyofika kwetu. Nyumba nyingine alibisha hodi, akaingia, akatua kikapu na kutoka. Kwetu hakuvuka kizingiti hata mara moja. Aliketi nje kwenye kibaraza, kikapu kati ya miguu yake, kofia juu ya goti, akaita kwa sauti upande wa pili wa njia, dukani kwa Bi Zuwena, kumwamkia na kumwambia kwamba amefika kwa watoto. Baada ya hapo ndipo aligonga mlango, nami nikatoka, nikapokea unga, dagaa, maharage, pengine kipande cha nazi, kimoja kimoja, machoni pa njia nzima. Kisha aliuliza hali zetu, mtoto kwa mtoto, papo hapo kibarazani, kana kwamba hakuna mtu anayepita. Mimi nilijibu nikitazama vidole vya miguu yangu. Nilidhani anataka aonekane. Nilidhani ameona kwamba kumlisha yatima ndani ya nyumba hakumpi sifa, basi anatulisha uwanjani.

Bi Zuwena alikuwa mke wa mwenye duka, Mwarabu kwa asili lakini mzaliwa wa Mbwamaji, na ulimi wake ulikuwa wa Mbwamaji. Alishinda mlangoni pa duka juu ya kibao kifupi, akipima chumvi na kupima watu. Jumamosi ikifika aliniuliza kwa upole wa uchokozi, "Eliza, leo meza yenu imechelewa, au Shemasi ameteguka shingo?" Sikumchukia kwa hilo. Alimtania kila mtu, hata mumewe. Lakini neno hilo, meza yenu, lilinichoma, kwa sababu wasichana niliosoma nao walinunua sindano na nyuzi kwake, nao walisikia.

Jumamosi moja niliwaona wasichana hao wanakuja, watatu, wamevaa magauni ya kushona upya, na kwa mbali nyuma yao nikakiona kikapu kikielea juu ya vichwa vya watu. Nilifunga mlango nikatia komeo. Nikawaambia wadogo zangu wanyamaze kabisa. Mtu akigonga, sisi hatupo. Tukakaa gizani kwenye kitanda cha mama. Tuliisikia miguu ikifika, tukasikia kikapu kikitua na Shemasi akipumua, tukasikia salamu zake kwa Bi Zuwena. Akagonga. Akagonga tena, akaita jina langu. Danieli, aliyempenda Shemasi kuliko mtu yeyote kwa sababu ya nazi, hakuweza kuvumilia mtu aite asiitikiwe. Akapaza sauti yake yote: "Dada anasema hatupo."

Njia nzima iliangua kicheko. Niliwatambua wasichana watatu katika kicheko hicho, kila mmoja kwa sauti yake. Shemasi peke yake sikumsikia akicheka. Alisogea karibu na mlango akasema polepole, kana kwamba anaacha salamu kwa jirani, "Basi wakirudi, waambieni Shemasi alipita." Akaketi tena. Alikaa pale hadi wachekaji walipochoka wakaenda zao, kisha akamkabidhi Bi Zuwena kikapu na kuondoka. Bi Zuwena akatuletea kupitia uani. Alinikuta nimeuficha uso magotini. Akatua kikapu mbele yangu akaniuliza kama tumerudi salama safarini.

Tangu siku hiyo nilianza kuchekecha. Mama alikuwa ameacha kipande cha melimeli, kitambaa chepesi cha pamba, nami nikakifunga juu ya bakuli na kuupitisha unga wa konzi kidogo kidogo. Muhogo na mahindi laini yalishuka meupe. Mtama na ulezi, ambavyo akina mama walivitwanga kwa mkono na kuviacha na chenga, vilibaki juu. Nilirudia mpaka nikapata unga mweupe kama wa arusi. Ulikuwa kidogo, na ugali wake ulikuwa mdogo, na Stefano, aliyekuwa katika umri wa kula na kutazama sufuria, alilalamika. Nilimwambia atafune polepole. Chenga zilizobaki nilizitia kwenye kopo na kumpelekea Bi Zuwena kwa ajili ya kuku wake. Akizipokea hakusema lolote, na kwa mtu kama yeye ningepaswa kushtuka. Lakini mimi niliona nafuu tu. Mtu akipita uani sasa, angeona ugali mweupe, ugali wa watu wanaojilisha.

Katikati ya kiangazi baba mdogo alishuka kutoka bara. Sikumchukia wakati ule, wala sasa. Alikuja kwa haki ya ukoo, amevaa koti la baba yetu alilopewa matangani, na alikuja na mpango uliokwisha kukubaliwa na wazee. Stefano angekwenda naye kuchunga ng'ombe. Lidia angepelekwa kwa shangazi. Danieli, kwa kuwa ni mdogo na hana kazi anayoweza kufanya, angewekwa kwenye nyumba ya misheni ya kulelea yatima, mbali na sisi sote. Mimi ningeolewa na rafiki yake aliyefiwa na mke. Nilimwambia kwamba tunajitosheleza, kwamba nyumba inasimama na vitumbua vinauzika, na ili aone kwa macho yake nilimpikia ugali mweupe kuliko wote niliowahi kuusonga. Alikula kwa utulivu. Akaliinua tonge, akaligeuza kwenye mwanga wa mlango, akaniuliza unga mzuri namna hii tunaupata wapi. Nikamjibu kwamba tunaununua kwa vitumbua. Akaitikia kwa kichwa, akala.

Kesho yake mchana nilikuwa uani naloweka mchele, na baba mdogo alikuwa kibarazani na mzee mmoja wa kwetu. Kuta zile za udongo hazikuzuia neno. Nilimsikia akisema kwamba yeye ni mkulima, anajua pishi moja ya unga ni jasho la nani, na kwamba vitumbua havilishi vinywa vinne ugali wa namna ile. Yupo anayetoa, alisema. Na nasikia kuna mwanamume anakuja kila Jumamosi. Mzee alijaribu kusema kwamba huyo ni shemasi, ni kazi ya kanisa. Baba mdogo akamjibu kwamba unga wa kanisa anaujua, hata kwao upo, una madoa kama chui. Alichokula yeye kilikuwa unga wa mtu mmoja, na mwanamume mmoja hamnunulii msichana unga mweupe kila juma kwa ajili ya Injili. Mikono yangu ilibaki ndani ya maji ya mchele. Nilielewa kwamba nimemkata Shemasi Yoeli kwa kipande cha melimeli cha mama yangu, na kwamba sisi wanne tutatawanywa kwa jeraha hilo hilo.

Kikao kiliwekwa Jumamosi iliyofuata, mbele ya nyumba yetu, jua likiwa limeinama. Mwinjilisti alikuwapo, na mzee wa kanisa aliyeongoza, na akina mama kadhaa waliosimama ukutani. Shemasi alifika kwa wakati wake, kikapu kichwani, akakitua pale pale anapokitua siku zote. Nyuma yake alikuja mkewe, Mama Sara, mtoto mchanga mgongoni. Kwa ajili ya mtoto huyo mwaka ule hakuweza kuzunguka na mumewe. Alisimama mwisho wa ukuta, na mimi nilijaribu kukaa mahali ambapo machoni pangu asingekuwapo, lakini kibaraza kilikuwa kifupi.

Baba mdogo alisema yake bila matusi. Shemasi alipoulizwa, alijibu kwamba yeye huleta meza, na kwamba hajavuka kizingiti kile. Baba mdogo akasema kizingiti hakina macho. Hapo Bi Zuwena, ambaye hakuna aliyemwalika, alivuka njia, buibui lake likiwa limeshikwa kwa mkono mmoja na mzani wa chumvi umesahaulika katika mkono wa pili.

"Kizingiti hakina macho, mie ninayo," alisema. "Nakaa pale tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi, kazi yangu kuuza chumvi na kutazama watu. Huyu mwanamume wenu nilimngojea avuke, Mungu anisamehe, nipate la kusema. Hajanipa."

Watu walicheka kidogo, hata baba mdogo. Lakini hakuwa ameshindwa. Alisema asiyeingia leo anaweza kuwa anajenga njia ya kuingia kesho, na njia hiyo ni ule unga. Mzee wa kanisa akanigeukia. "Eliza, mwanangu," akasema, "unga anaousema baba yako mdogo ulitoka wapi?"

Nimekaa katika vikao vingi tangu wakati huo, na nimewauliza wasichana wengi maswali. Najua kimya kama changu kinavyosikika. Kinasikika kama jibu. Nilitaka kusema, na ulimi ulikuwa pale, lakini kusema ilikuwa kutamka mbele ya watu wale wote, na Bi Zuwena, na wapita njia, kwamba tunalishwa. Na zaidi ya hapo, kwamba nimeona haya kulishwa nao. Danieli alikuwa ameshika gauni langu. Lidia alikwisha kuanza kulia bila sauti. Shemasi hakunitazama. Alitazama kofia yake iliyokuwa gotini, na nadhani kama ningenyamaza, naye angenyamaza, na kanisa lingemvua ushemasi jioni ile.

Niliinuka nikaingia ndani. Nikatoka na ungo, bakuli, na melimeli. Nikachota unga ndani ya kikapu alichokileta sasa hivi, mbele ya macho yao, nikaumwaga juu ya kitambaa na kuanza kuchekecha. Unga mweupe ulishuka ndani ya bakuli. Nilipomaliza nilimsogezea baba mdogo bakuli, na kilichobaki juu ya kitambaa nikakikung'uta kwenye ungo, chekundu na cha hudhurungi, nikauweka ungo chini katikati ya watu.

Akina mama walisogea kutoka ukutani. Mmoja akainama, akasugua punje kati ya vidole, akasema mtama huu ni wake, ndugu zake humletea kutoka Dodoma. Mwingine akasema zile chenga za mahindi ya njano ni zake, na kinu chake kimepasuka ndiyo maana. Kisha wakampisha Mama Sara. Aliweka kiganja juu ya ungo, akakigeuza, akakitazama.

"Ulezi huu ni wangu," alisema. "Hapa Temeke hakuna mwingine anayeutwanga. Ni wa uji wa mtoto."

"Kumbe ndiyo sababu kuku wangu wamenenepa hivi," akasema Bi Zuwena, lakini hata yeye alilisema polepole, na hakuna aliyecheka.

"Nilikuwa naona aibu," nikasema. Hilo ndilo neno pekee nililolisema katika kikao kile, na nililisema nikielekea ungo, si watu.

Baba mdogo aliliweka bakuli mapajani. Halafu akaumwaga unga mweupe juu ya ungo, akauchanganya tena kwa mkono wake mwenyewe, akanirudishia. "Leo nisongee huu," akasema. "Usiuchekeche." Tuliula jioni ile, yeye na sisi wanne, Stefano akala mpaka akalegeza mkanda. Siku chache baadaye baba mdogo akapanda treni peke yake, na koti la baba akamwachia Stefano.

Ningependa kuandika kwamba tangu hapo niliipokea meza kwa kichwa kilichoinuka. Sikukiinua. Shemasi aliendelea kuja na kuketi pale pale nje, nami niliendelea kutazama vidole vyangu, ila unga sikuuchekecha tena. Kila nilipousonga niliziona punje za ulezi na kumwona Mama Sara akikigeuza kiganja chake. Hakuniambia neno baya hata siku moja. Alipokwisha kupata nguvu alikuja na mumewe, akaingia ndani, akanifundisha kumkoroga uji Danieli, na konzi yake ya ulezi haikukoma. Miaka na miaka tulikaa benchi moja kanisani. Nilipata watoto, alinipokelea wawili. Mara nyingi nilijiandaa kumwomba radhi kwa ajili ya wale kuku, na kila mara nilijiambia kwamba amekwisha kusahau. Alitangulia kumfia mumewe, na sikumwomba.

Shemasi mwenyewe nilimwuliza, mara moja tu, nikiwa tayari mke wa mtu na yeye amestaafu bohari na kuhamia shambani Chamazi. Nilimwuliza kwa nini alitugawia nje vile, kama maonyesho. Alikuwa anamenya chungwa, akamaliza kulimenya kwanza.

"Kikapu kilipoonekana, ulipata aibu ya mwaka," alinijibu. "Mimi ningeonekana naingia kwa msichana asiye na wazazi, ungepata aibu ya maisha. Sikuwa na namna ya kukuletea chakula bila aibu, mwanangu. Nilikuchagulia iliyo ndogo." Akanikatia nusu ya chungwa. Akaongeza kwamba yeye pia hakupenda kujitwika kikapu mbele ya wacheza bao, na alipowekewa mikono alikuwa ameomba siri siri apangiwe mtaa wa mbali.

Haya ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu pale kaburini, wakati vikongwe wale wawili wamekwisha kutia konzi zao na mchungaji anatazama huku na huku kama kuna wengine, tayari kufunga kitabu. Danieli alikuwa bado anatabasamu, lakini machoni alikuwa amelowa. Nikamwambia, "Niinue." Magoti yangu siku hizi hayanisikii. Akaniinua kwa mkono mmoja, Lidia akanishika mwingine, na tukapita mbele ya benchi la akina mama wangu wote, ambao walijisogeza wakidhani mwenyekiti wao ameitwa kwa jambo jingine.

Udongo wa Chamazi, juu ni mchanga mweupe na chini ni mwekundu, na wachimbaji walikuwa wameuchanganya. Nilichota konzi. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, na sikukiinua mpaka nilipoutia wote. Nilipogeuka, Rebeka alikuwa amesimama njiani, mkoba wangu mkononi, uso wake umejaa swali.

"Mama," aliniuliza kwa sauti ya chini, ili watu wasisikie, "kwani ninyi mlikula mezani?"

Nikamjibu kwa sauti ya kawaida. "Tulikula," nikasema. "Mimi na wajomba zako na mama yako mdogo. Unga wake ulikuwa na ulezi."